Kitenzi kirudi kazini

Pitia magazeti ya Kiswahili ya juma moja tu, utakutana na majina matatu ya kitu kimoja: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Mwandishi anaandika hili, mhariri analigeuza kuwa lile, na msomaji anabaki kujiuliza kama ni mashine tatu au ni moja. Wapo wanaosema jina ni jina, tuchague mojawapo tuendelee na mengine. Siafiki. Neno linaeleweka kwa jinsi lilivyoundwa, na katika haya matatu moja limeundwa vizuri kuliko wenzake.

"Bandia" linafahamika na kila mtu, na hapo ndipo penye tatizo. Noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia: penye bandia pana mtu aliyekusudia kudanganya. Mashine inayosoma picha ya eksirei na kumsaidia daktari kuona kifua kikuu haijamdanganya mtu. "Mnemba" halina ubaya wowote, ila kwa masikio mengi ni jina la kisiwa kidogo kaskazini-mashariki mwa Unguja wanakokwenda watalii kuzamia. Ukilisikia kwa mara ya kwanza huna pa kuanzia. "Unde" lina pa kuanzia. Kila asemaye Kiswahili anajua unda, na hata kama hajawahi kukaa darasa la sarufi, sikio lake linaitambua kazi ya ile e ya mwisho.

Weka pamoja mshindi na mshinde. Mshindi ni aliyeshinda, mshinde ni aliyeshindwa. Mzizi ni mmoja, kiambishi cha mbele ni kimoja, na umbali wote kati ya kombe na kilio umebebwa na irabu moja mwishoni. Hiyo e inamtaja aliyetendwa. Mtume ni aliyetumwa. Mteule ni aliyeteuliwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Basi unde ni kilichoundwa, na neno lenyewe linakukumbusha kwamba yupo aliyeunda, ambaye anaweza kuulizwa maswali. Hilo ndilo jina ninaloliunga mkono, na sababu yangu inazidi neno hilo moja. Kiswahili kina namna yake ya kuzaa maneno, na makao yake makuu ni kitenzi. Maneno mapya yanayotoka huko hushika haraka na hudumu. Nasi, wenye kalamu na wenye ofisi, tumejizoeza kuyatafuta kwingine kote.

Kila lugha ina njia yake ya kulibebesha neno maana. Kiarabu hushika konsonanti tatu, kama k, t na b, kikabadilisha irabu zilizo katikati yake na kuongeza kidogo huku na huku: kataba ni aliandika, kitab ni kitabu, katib ni mwandishi, maktab ni mahali pa kuandikia. Sisi tumechukua huko kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Mwarabu akiyaona manne hayo anaona ndugu wa tumbo moja. Mswahili anaona wapangaji wa nyumba moja ambao kila mmoja ana mlango wake, kwa kuwa ule mzizi wa konsonanti tatu haukuja pamoja nao. Lakini mpe Mswahili huyohuyo neno andika, na ukoo mzima unasimama mbele yake: mwandishi, mwandiko, andiko, maandishi, andikia, andikiana, andikisha, andikika. Mzizi haukuvunjwa katikati. Vyote vilivyoongezwa vimeongezwa mbele na nyuma, na kila kimoja kinajulikana kwa kazi yake.

Chukua neno moja la kawaida kabisa: hawajaandikiana. Ha inakana. Wa inataja watu. Ja inasema jambo halijawa, ila bado linangojewa. Andik ni kazi yenyewe, i inaielekeza kwa mtu, an inairudisha kwa wao kwa wao, na a inafunga. Kiingereza kitahitaji maneno kama manane kusema hayo yote. Kwetu ni neno moja, na mtoto wa miaka mitano analitamka bila kusita.

Mpangilio wa vipande hivyo nao una maana yake. Sema "wanapigiana simu" kisha sema "wanapigania simu". Wa kwanza ni marafiki, kila mmoja anampigia mwenzake. Wa pili ni watoto sebuleni, na punde mmoja atalia. Vipande ni vilevile: pig, i, an. Katika pigiana, kutendea kumetangulia na kutendana kukafuata, yaani unaanza na pigia kisha unaifanya ya pande mbili. Katika pigania, kutendana kumetangulia: unaanza na pigana, kisha unataja kinachogombewa. Hakuna mama aliyewahi kumweleza mwanawe kanuni hiyo, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeikosea. Mimi kila nikiifikiria naona hapa pana hazina ambayo hatujaanza hata kuihesabu.

Wageni waliona mambo hayo katika Kiswahili na jamaa zake mapema kuliko sisi tulivyoyaandika. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani Wilhelm Bleek alipotafuta jina la lugha zote hizi za kusini, mashariki na katikati ya Afrika, hakulitoa mfukoni mwake. Alilichukua katika lugha zenyewe, akalijenga kwa viungo vyake: ba ya wingi na ntu ya mtu. Mtu na watu kwetu, omuntu na abantu kwa Waganda, mundu na andu kwa Wakikuyu, moto na bato kwa wasema Kilingala. Badilisha mbele tu na mzizi huohuo unakupa kitu, utu, jitu na kijitu.

Kuna mahali ambapo mtu anaweza kuona lugha nyingi zikifanya kazi moja kwa zana tofauti, nami napenda kukaa hapo kidogo: mezani asubuhi. Usiku kucha binadamu hajala. Asubuhi anakula. Hicho chakula kitaitwaje? Mwingereza ameunganisha vunja na mfungo akapata "breakfast". Mhispania amechukua "ayuno", yaani mfungo, akatanguliza "des" ya kuondoa, akapata "desayuno". Mfaransa amefanya vivyo hivyo na "déjeuner", ila kwa Wafaransa wengi neno hilo limesogea hadi mchana, ikabidi la asubuhi liongezewe "petit", dogo. Mwarabu anasema "futur", kutoka mzizi wa kupasua na kuvunja, na huko ndiko ilikotoka futari yetu ya Ramadhani. Mjerumani hakujali mfungo, akasema "Frühstück", kipande cha mapema. Mjapani naye hakujali, akaunganisha asubuhi na wali akapata "asagohan".

Na Mswahili? Anayo kadhaa, na kila moja limejengwa kwa njia yake. Anayo staftahi, ya Kiarabu, kutoka mzizi wa kufungua, uleule unaosikika katika Suratul Fatiha. Wakenya wengi walijifunza hilo shuleni. Anacho kiamshakinywa, kinachosema kwamba kinywa kimelala na sasa kinaamshwa. Na anacho kifungua kinywa. Hiki cha mwisho ni kazi ya ustadi mkubwa, maana katika Kiswahili mwenye kufunga saumu anafunga, na akila magharibi anafungua. Kinywa kilichofungwa usiku kinafunguliwa asubuhi. Wazo lilelile la Mwingereza na Mhispania limo, lakini limetoka ndani ya kitenzi chetu chenyewe, bila kumwiga yeyote.

Muundo huo wa ki, kitenzi na kinachotendwa umetupa maneno mazuri ajabu. Kipaza sauti na kinasa sauti kila mtu anavijua. Kitindamimba ni mtoto wa mwisho. Wakatoliki wana Kipaimara, sakramenti inayompa mtu uimara, na sijui neno la lugha ya Ulaya kwa jambo hilo linalojieleza kwa uwazi kama hili. Mstaafu ana kiinua mgongo: miaka yote ameinama kazini, sasa fedha hizo zinamwinua. Wafaransa wana mtindo unaofanana sana na huu. Wao jengo refu huliita "gratte-ciel", kwangua-mbingu, kitenzi kwanza na kinachotendwa baadaye, kama sisi. Waingereza kwa jengo lilelile wameanza na mbingu wakamalizia na mkwanguaji.

Kwa kizibuo cha chupa Mfaransa anatumia njia hiyohiyo: "tire-bouchon", vuta-kizibo. Sisi hatukuhitaji maneno mawili. Ziba imetupa kizibo. Ingiza u moja, ziba inakuwa zibua, na zibua inatupa kizibuo. Kinachoziba na kinachozibua vinatofautiana kwa irabu moja, kama mshindi na mshinde. Vivyo hivyo kifungo na ufunguo. Hii u ya kutendua ndiyo kipande ninachokipenda kuliko vyote katika lugha hii. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Panga, pangua. Inachukua kazi iliyokwisha kufanywa na kuirudisha nyuma, na inafanya hivyo kwa sauti moja.

Ndiyo maana naona neno pakua lina bahati kubwa. Simu za mkononi zilipoleta haja ya kusema kuteremsha faili kutoka mtandaoni na kulipandisha huko, jawabu lilikuwa limekwisha kuwapo bandarini na jikoni. Makuli wanapakia shehena melini na kuipakua. Mama anapakua wali. Kinachotolewa katika chombo kinapakuliwa, na chombo kwetu ni jahazi na ni sufuria. Leo kijana wa Mbagala anapakua programu, wa Kisauni anapakua wimbo, na hakuna kati yao aliyehitaji kufafanuliwa. Na mara neno lilipoingia, ukoo wote uliingia nalo: pakuliwa, pakulika, upakuaji. Faili lisilopakulika limeshapata jina lake bila kikao chochote. Mtandao nao ni hivyohivyo. Umetoka kwa kutanda, na kila aliyeona wingu limetanda anajua maana yake.

Mitaa inajua kufanya kazi hii. Karibu na mwaka 2010 Tanzania nzima ilikuwa ikisema chakachua. Lilivuma kwanza kwa petroli na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, uchaguzi wa mwaka huo ulipofika likahamia kwenye kura, na baada ya hapo likaenda popote penye kitu kilichoharibiwa kwa siri. Uchakachuaji, mchakachuaji, imechakachuliwa: watu waliyatoa yote hayo vibarazani. Mwisho wa mwaka 2015 Rais Magufuli aliposema atatumbua majipu, haikupita muda kila aliyeondolewa kazini akawa ametumbuliwa. Na kabla ya hapo Mwalimu Nyerere, alipojiandaa kuondoka madarakani mwaka 1985, alileta neno la kwao Kizanaki, ng'atuka, na Kiswahili kililipokea kana kwamba lilizaliwa humu, kwa sababu viungo vyake ni viungo vyetu. Mwisho wake unafanana na toka, ondoka, banduka. Ungeweza kulinyambua siku ileile, na watu walilinyambua: ng'atuka, kung'atuka, ng'atusha.

Sasa linganisha na maneno ya mashine iliyo mezani kwangu. Wataalamu wamewahi kutupa tarakilishi na ngamizi. Sina shaka na nia yao wala elimu yao. Ndani ya tarakilishi mna tarakimu na akili, na ukielezwa unakubali kwamba wazo ni zuri. Shida ni kwamba lazima uelezwe. Vipande vimekatwa mahali ambapo neno halina kiungo, na sikio haliwezi kuvirudisha vilipotoka. Ngamizi, likitamkwa haraka, linamkumbusha mtu kuangamiza. Watu wameendelea na kompyuta, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Wakati huohuo, tazama safari ya kikokotoo. Kokotoa ni kitenzi. Kikokotoo ni chombo chake, kimeundwa sawasawa na kizibuo. Kwa miaka mingi kiliishi darasani, kwenye somo la hisabati. Ulipozuka Tanzania mjadala wa mafao ya wastaafu mwaka 2018, na ukarudi mwaka 2022, kikokotoo kilitoka darasani kikaingia bungeni, kwenye redio na kwenye vibanda vya kahawa, sasa kikimaanisha kanuni inayotumika kupiga hesabu ya fedha za mstaafu. Wazee ambao hawajawahi kushika kikokotoo cha mkononi walikibishania kwa ufasaha kamili. Neno lenye viungo husafiri hivyo. Likipewa kazi mpya linaielewa.

Nisije nikaonekana nasema kwamba kila neno la kukatakata hufa. Ukimwi ni neno lililofinyangwa kutoka upungufu wa kinga mwilini, limekatwa vibaya kuliko tarakilishi, na hakuna asiyelijua. Lakini angalia lilivyoangukia. Limeanza na u, likapata nafasi katika ngeli ya ugonjwa, upofu na ukoma, likapata upatanisho wake: Ukimwi unaambukiza, Ukimwi unazuilika. Neno lililokatwa likipata ngeli ya kukaa, linapona. Waaisilandi, taifa la watu takriban laki nne tu, wanalifahamu jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1965 mwanazuoni wao Sigurður Nordal aliiita kompyuta "tölva", akiunganisha "tala", namba, na "völva", mwanamke mtabiri wa hadithi za kale. Nalo ni neno la kuchanganya, lakini linabadilika miishio yake kama völva linavyobadilika, na kila Muaisilandi analitumia. Kwa simu walifufua "sími", neno la kale la uzi. Nasi simu yetu imetoka kwa Waajemi, kwao "sim" ni fedha na ni waya. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya barafu za kaskazini, zimeita chombo kimoja kwa karibu sauti moja, kila moja ikiwaza waya. Na waya wenyewe sasa haupo.

Wala sina ugomvi na kukopa. Lugha iliyochukua kitabu kwa Mwarabu ikaisikia ki yake kama ki yetu na kusema vitabu, ikachukua kipilefti barabarani kwa Mwingereza na kusema vipilefti, haihitaji kulindwa dhidi ya maneno ya wageni. Shule tumeitoa kwa Wajerumani. Jamaa ni ya Kiarabu, lakini u iliyowekwa mbele yake ni ya kwetu, na Nyerere alipoandika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962 aliweka katika herufi moja wazo ambalo wengine wangelihitajia sentensi. Chaja iachwe iwe chaja. Kuchaji kumekwisha kuzaa kuchajiwa na kuchajisha, ishara kwamba lugha imelimeza neno na kuliyeyusha.

Ninachokilalamikia kiko ofisini, na nitakisema kwa uchungu kwa sababu kinafanywa na watu wanaokijua Kiswahili vizuri. Tumeacha kutumia vitenzi. Soma taarifa yoyote: "Zoezi la uandikishaji wa wapiga kura linaendelea." "Kamati ilifanya ufuatiliaji wa utekelezaji wa uboreshaji wa huduma." "Kumekuwa na ucheleweshaji wa malipo ya wakulima." Kila kitenzi kimegeuzwa jina, kikafungwa kwa wa, la na cha, kikapangwa mstari kama magunia. Kisha sentensi inakosa kitenzi, ikabidi kikodishwe kimoja kisicho na kazi: kufanya, kuwa na, kuendelea. Mjerumani huunganisha majina yake hadi yanatisha. Jimbo la Mecklenburg-Vorpommern liliwahi kuwa na sheria ya nyama ya ng'ombe yenye jina la neno moja la herufi 63, ikafutwa mwaka 2013. Lakini hiyo ndiyo njia ya Kijerumani, na Mjerumani anajua pa kulikata neno hilo. Haya magunia yetu si njia yetu. Yametoka kwenye ripoti za Kiingereza zilizotafsiriwa kipande kwa kipande, na sasa hata asiyetafsiri chochote anaandika hivyo akidhani ndiyo lugha ya kiofisi.

Hasara yake si ya masikio tu. Kitenzi cha Kiswahili hakisimami bila kumtaja mtendaji. Ukisema "chelewesha" katika sentensi, sarufi inakudai: nani? Ni lazima useme tumechelewesha, wamechelewesha, wizara imechelewesha. Hata ukikimbilia kauli ya kutendwa, swali la "na nani?" linabaki mlangoni likigonga. Geuza kitenzi kuwa "ucheleweshaji" na mtendaji ametoweka. Ucheleweshaji umetokea, kama mvua. Mkulima wa pamba aliyesubiri fedha yake msimu mzima anaambiwa kulikuwa na ucheleweshaji, na lugha aliyonyonya kwa mama yake, ambayo kwa asili yake ingemtajia mhusika, imegeuzwa pazia la kumfichia. Andika "Tume inaandikisha wapiga kura." Andika "Kamati ilifuatilia kama huduma zimekuwa bora." Andika "Tumechelewa kuwalipa wakulima." Sentensi zimekuwa fupi, na kila moja ina mtu ndani yake.

Wahariri wangeanza hapa, kesho asubuhi, bila bajeti. Kila penye "zoezi la" na jina lenye aji, uliza kitenzi chake kimekwenda wapi, kisha kirudishe. Makala nyingi zitapungua robo.

Kuna upande mwingine wenye haraka zaidi. Mashine hizi tunazobishania jina lake zinasoma Kiswahili kwa kukikatakata, na nyingi hukata kwa kufuata herufi zinazoonekana pamoja mara nyingi katika maandishi ziliyolishwa, bila kujua kiungo kiko wapi. Neno la Kiingereza huponea chupuchupu, kwa kuwa limezoeleka na lina viungo vichache. Hawajaandikiana linaweza kukatwa katikati ya andik. Kadhalika simu inayopigia mstari mwekundu neno sahihi kwa sababu tu halimo katika orodha yake: hakuna orodha itakayotosha, maana kitenzi kimoja cha Kiswahili kina maumbo kwa maelfu. Waliolielewa hili mapema walikuwa Wafini. Lugha yao nayo hujenga kwa kuongeza nyuma: "talo" ni nyumba, "talossa" ni ndani ya nyumba, "talossani" ni ndani ya nyumba yangu. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alionyesha namna ya kuifundisha kompyuta kulitenganisha neno la aina hiyo kwenye viungo vyake, na katika chuo kikuu hichohicho Arvi Hurskainen akaichukua njia hiyo na kukijengea Kiswahili mfumo mzima wa kuchambua maneno, akauita SALAMA. Nafurahi kwamba kazi hiyo ipo. Ningefurahi zaidi kama leo ingekuwa na dada zake Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, zikifundishwa na vijana ambao hawahitaji kuambiwa tofauti ya pigiana na pigania.

Vijana hao wako darasani sasa hivi, na tunawafundisha mnyambuliko kama jedwali la kukariri. Swali la mtihani linasema: nyambua kitenzi kifuatacho katika kauli ya kutendesha. Mwanafunzi anaandika jibu, anapata alama yake, na somo limekwisha. Ngeli anazikariri kwa orodha, i-zi na u-ya, na mwaka mzima unapita bila kuulizwa hata mara moja swali ambalo vipande hivyo viliwekwa kulijibu: hiki kitu kipya tukiiteje?

Mwalimu wa kidato cha pili aje na kitu mkononi. Kwa mfano, kile kibetri cha kubebwa kinachochajia simu njiani, ambacho mitaani kinaitwa pawabenki. Asiwape jibu. Awaulize kinafanya nini, wataje vitenzi: kinachaji, kinajaza, kinatunza, kinaongeza, kinabeba. Kila kitenzi kijaribiwe: kijazio, kichajio, kitunzamoto, kiongeza chaji. Wabishane. Kijazio kina viungo safi kama kichujio na kifutio, lakini je, kinasema kinajaza nini? Kitunzamoto kinapendeza kutamka, ila mwanafunzi mmoja atasema kinafanana mno na chupa ya chai, na atakuwa na haki. Darasa la Tanga litaishia kwenye neno moja na la Kakamega kwenye jingine. Majina hayo yaletwe gazetini, yachapwe ukurasa wa Jumapili pamoja na sababu zake, wasomaji wayajibu. Baada ya mwaka tutajua ni lipi analolisema muuza vifaa vya simu wa Kariakoo anapomwita mteja.